Asomaye Fizikia Ataishia Wapi?

Mzazi mmoja ameniandikia barua akiuliza swali ambalo naamini limo nyoyoni mwa wengi. Binti yake amepata nafasi ya kusoma fizikia katika chuo kikuu, lakini jamaa wanamshauri aikatae. Wao husema, "Asomaye sheria huwa wakili, asomaye udaktari huwa daktari. Je, asomaye fizikia huwa nani?" Mzazi huyo yu tayari kuuza ng'ombe wawili ili kulipa karo, naye ataka kujua kama mali yake itapotea bure.

Swali hilo si la mjinga. Ni kweli kwamba katika matangazo ya kazi ni nadra kusoma maneno "Anatakiwa mwanafizikia." Lakini mlango usio na kibao si dalili ya kuwa ndani hamna watu. Wanafizikia wapo kazini, ila huitwa kwa majina mengine.

Tuanze na hospitali. Mgonjwa wa saratani anapotibiwa kwa mionzi, daktari ndiye aamuaye tiba, lakini yuko mtu mwingine ambaye hupima mashine na kuhesabu dozi, ili mionzi iue uvimbe bila kuunguza viungo vilivyo vizima. Huyo ni mtaalamu wa fizikia ya tiba. Akikosea hesabu, mgonjwa huumia.

Twende na Olkaria, karibu na Naivasha, ambako tangu mwaka 1981 umeme hupatikana kwa mvuke utokao chini ya ardhi. Visima vyake hupita kilomita 2 kwenda chini, na kuchimba kimoja ni gharama kubwa mno. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, wataalamu wa fizikia ya ardhi hupima jinsi miamba inavyopitisha umeme, wapate kukisia mahali penye joto na maji.

Hata mambo ya anga si mageni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kuchunguza eksirei za nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata setilaiti yake ndogo angani, na mwaka 2023 ikafuata Taifa-1. Vyombo hivyo vyahitaji watu wa kuvitengeneza, na wengine wa kuzisoma habari zake. Kadhalika wako wanafizikia katika utabiri wa hali ya hewa, katika upimaji wa vipimo na mizani, na katika mabenki, ambako hutakiwa kwa sababu ya umahiri wao wa hesabu.

Lakini faida kubwa kuliko zote ni tabia ya kuuliza na kupima. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliona kwamba maziwa yake ya moto yaliganda kuwa barafu kabla ya yale yaliyopoa. Walimchekelea. Baadaye alimwuliza Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne naye aliona ni jambo gumu kusadiki, lakini aliagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari zake, na hata leo wataalamu wangali wakibishana juu yake. Huo ndio moyo wa elimu hii: asikiapo jambo la ajabu, mwanafizikia hulipima kwanza.

Sasa yafaa niseme na upande wa pili, maana asiyeambiwa ukweli hujuta. Shahada ya kwanza peke yake haitoshi kwa kazi nyingi nilizotaja. Atakaye fizikia ya tiba hana budi kuendelea na masomo ya juu. Atakaye kufundisha, kazi yenye heshima, lazima apate pia mafunzo ya ualimu. Tena asiyependa hesabu atateseka miaka yote minne, na ng'ombe watakuwa wamekwenda bure.

Hata hivyo, masomo ya juu si lazima yauze shamba. Huko Trieste, Italia, kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistan, ambacho huwasaidia vijana wa nchi zinazoendelea kuendelea na masomo ya fizikia. Na tangu mwaka 2018 ipo taasisi shirika ya kituo hicho mjini Kigali, Rwanda, karibu na kwetu.

Shauri langu kwa wazazi ni hili. Mwulizeni mtoto kama apenda hesabu, na mtazame alama zake, si maneno yake tu. Akiwa aipenda, mpelekeni, na tangu mwaka wa kwanza ajifunze pia kuandika programu za kompyuta, na kila likizo aombe nafasi ya kujifunza kazi penye vyombo vya kupimia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na jamaa wakiuliza atakuwa nani, waambieni kwamba atakuwa mtu ajuaye kupima, na watu wa namna hiyo hawajawa wengi nchini.