Kwani Yaya Ni Tusi?

Kipindi chetu cha juzi kuhusu kuchagua kozi ya chuo kilituletea ujumbe mwingi, na swali moja lilijirudia sana: "Ukisomea watoto wadogo, si utaishia kuwa yaya tu?" Wengine waliuliza kwa utani. Wengine, unaona kabisa, walikuwa wanarudia maneno waliyoambiwa nyumbani. Kwa kuwa mimi ndiye niko kwenye hiyo kozi, na naishi hapa Burnsville ambapo kila familia ya Kikenya ninayoijua ina nesi mmoja na mwingine yuko njiani, nimeambiwa nijibu mimi.

Jibu langu ni hili. Kusomea ualimu wa watoto wadogo ni kazi ya akili, watu wetu wanauhitaji kuliko wanavyojua, na sisi tuliokulia huku tuna kitu cha kupeleka pale ambacho hakipatikani kwenye vitabu vya kozi. Kuhusu pesa sitawadanganya. Tutafika huko.

Tuanze na nesi, manake najua ndiye mko naye kichwani. Sina neno baya kwa manesi. Mama yangu amelipia nyumba yetu kwa zamu za usiku, na mimi nimekula hizo zamu. Familia nyingi zilizofika Minnesota zilianza na cheti cha wiki chache cha kuhudumia wazee, kisha LPN, kisha RN. Ukimwuliza mtu yeyote kanisani au msikitini, atakuambia ngazi inayofuata iko wapi, inachukua muda gani na inalipa ngapi. Wazazi wetu hawakuichagua njia hiyo kwa kukosa ndoto. Waliichagua kwa sababu ngazi zake zilikuwa zinaonekana. Ualimu nao una ngazi zake, ila hakuna aliyewahi kukaa nao mezani akawachorea.

Kwa hiyo wanatumia neno moja tu kufunga mjadala: yaya. Shangazi yangu aliniuliza mbele ya watu, kwenye sherehe ya kumaliza shule ya binamu yangu, "Tumevuka bahari yote hii ili uende kupangusa watoto wa watu makamasi?" Watu wakacheka. Na shangazi, kwa heshima zote, kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazazi wa watu. Hakuna anayemcheka, na hafai kuchekwa. Sasa mbona kumshika mkono mtu wa miaka 85 ni taaluma, na kumshika mkono mtu wa miaka 3 ni aibu?

Labda ni kwa sababu watu hawajui tunasoma nini. Wanadhani tunafundishwa nyimbo na kukata karatasi. Nyimbo zipo, sikatai. Lakini zoezi moja lililonitoa jasho ni hili: unakaa kona ya darasa, unamtazama mtoto mmoja kwa dakika kumi, na unaandika tu kile unachokiona. Huruhusiwi kuandika "mkorofi". Huruhusiwi kuandika "mvivu" wala "ana hasira". Unaandika: "Alitupa kijiko chini mara 3. Kila mara alimwangalia mwalimu kwanza." Soma tena sentensi hizo mbili. Mtoto ambaye mtu mwingine angemwita mkorofi ameshageuka kuwa mtoto anayeuliza swali: ukiniona nimekitupa, utafanya nini? Jaribu kuandika hivyo kuhusu mdogo wako usiku mmoja tu, uone kama ni kazi rahisi.

Juu ya hapo kuna ukuaji wa mtoto, lishe, usalama, kupanga masomo, kuzungumza na wazazi, na sheria. Katika vituo vyenye leseni hapa Minnesota, mtu mzima mmoja haruhusiwi kuwa na zaidi ya watoto wachanga 4, wala zaidi ya 10 wa umri wa chekechea. Mtu akikuambia hiyo ni kazi ya kucheza, mpe wachanga wanne kuanzia asubuhi hadi jioni, halafu mwulize tena.

Sasa nije kwenye jambo lililofanya niache kuona kozi hii kama kozi tu.

Mahali nilipofanyia mazoezi, ambapo sitapataja, kulikuwa na mtoto wa miaka 3 wa familia ya Kikenya. Wiki mbili za kwanza alikuwa hasemi, na kwenye karatasi yake waliandika kwamba ana maneno machache. Siku moja alilia mchana mzima akirudia neno moja: "Nyanya. Nyanya. Nyanya." Mfanyakazi mmoja, kwa moyo mzuri kabisa, akaandika neno hilo kwenye simu ili apate tafsiri. Simu ikamjibu kwamba mtoto anataka lile tunda jekundu la kachumbari. Akaenda jikoni akamletea vipande kwenye sahani. Mtoto akazidi kulia.

Nyinyi mnaosoma hapa mmeshaelewa. Alikuwa anamtaka bibi yake, anayeshinda naye nyumbani mama akiwa kazini. Nilichuchumaa nikamwuliza, "Nyanya yako anakuja saa ngapi?" Alinyamaza, akanitazama kama mtu aliyesikia jina lake kwenye umati. Halafu akaongea. Akaniambia habari za nyanya, za chapati, za gari la baba lililokwama kwenye theluji. Huyo ndiye mtoto mwenye maneno machache.

Mkisema nimetia chumvi, fikirini yanayofuata. Minnesota inataka kila mtoto apimwe kabla ya kuanza kindagate, na lugha ni sehemu ya kipimo hicho. Karatasi za walimu wa awali huenda na mtoto. Mtoto anayeandikwa "haongei" wakati anaongea vizuri lugha ambayo hakuna mtu chumbani anayeijua, anaweza kuanza shule akiwa na sifa isiyo yake. Na mzazi anayeambiwa mtoto amechelewa kuongea, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kuacha kumwongelesha Kiswahili. Wengi wetu tuliipoteza lugha hivyo. Siyo kwamba wazazi hawakutupenda. Waliogopa.

Kinachoniuma ni kwamba kozi yenyewe inafundisha kinyume cha woga huo. Tunafundishwa kwamba lugha ya nyumbani haimzuii mtoto kujua Kiingereza, na kwamba mwalimu mzuri huijengea juu yake. Imeandikwa, tunajibu mtihani, tunapita. Lakini anayejibu mtihani huo akiwa hajui neno "nyanya" atafanya nini saa nane mchana mtoto akilia? Kanuni ipo. Watu wa kuitimiza ndio hawatoshi. Hapo ndipo sisi tunaingia, hata wewe unayesema Kiswahili chako kimevunjika. Mtoto wa miaka 3 hana habari na ngeli zako.

Na msidhani kuleta lugha na mila za nyumbani darasani ni wazo la wazungu tunaloliazima. Pale Mombasa, miaka ya themanini, viongozi wa jamii ya Waislamu wa Pwani walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaingia shule ya msingi wakiwa hawajaandaliwa, na wakati huohuo hawakutaka watoto wapoteze dini na desturi zao. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation ukaanza mpango wa chekechea za madrasa. Mwalimu aliyeubeba anaitwa Bi Swafiya Said. Wanawake wa mitaa ileile, wengi wao bila elimu kubwa ya shule, walifunzwa kuwa walimu wakiwa kazini, wakitembelewa na kuelekezwa darasani mwao. Vifaa vilikuwa vile vinavyopatikana pale walipo. Mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Sehemu ninayoipenda ni hii. Walichukua mbinu nyingi za HighScope, njia ya kufundisha iliyotoka Ypsilanti, Michigan, ambayo sisi huku tunaisoma darasani kupitia utafiti maarufu wa Perry Preschool wa miaka ya sitini. Ila hawakuimeza nzima. Waliipika upya kwa nyimbo, hadithi na maadili ya Pwani. Yaani wakati sisi tunahangaika kuulizana kama elimu ya huku na malezi ya kwetu vinaweza kukaa chumba kimoja, akina mama wa Mombasa walishalijibu swali hilo kabla hatujazaliwa. Na kuna aliyewaita yaya? Waliitwa walimu. Kwetu hilo ni jina kubwa, hata rais wa kwanza wa Tanzania alilibeba maisha yake yote.

Haya, pesa. Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha nesi wa RN wa kipato cha katikati alipata dola 86,070 kwa mwaka. Mwalimu wa chekechea alipata dola 37,130. Mlezi wa watoto alipata dola 30,370. Nimeziandika wazi ili msije mkasema nimewauzia mbuzi kwenye gunia. Kwa kodi za nyumba za hapa kwetu, dola 30,370 si mshahara wa kujitegemea. Shangazi akiuliza "utakula nini?", swali lake ni la haki. Nchi inayosema watoto ni wa thamani halafu inawalipa hivyo wanaowalea inapaswa kuona haya, na siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba wito utalipa bili ya umeme.

Lakini tazameni ngazi kabla ya kukata tamaa. Mlezi ni ngazi ya chini, kama vile cheti cha kuhudumia wazee kilivyo ngazi ya chini kwa manesi. Hakuna aliyemwambia mama yangu aache kwa sababu ya mshahara wa cheti kile. Ngazi ya pili ni cheti cha CDA: saa 120 za masomo, saa 480 za kufanya kazi na watoto, na mtihani. Kisha diploma ya miaka 2, kisha digrii na leseni ya ualimu. Leseni ya watoto wadogo ya Minnesota inakuruhusu kufundisha tangu kuzaliwa hadi darasa la tatu, na ukiajiriwa na shule ya umma unaingia kwenye mkataba wa walimu, wenye bima na pensheni. Kwa takwimu zilezile za 2023, mwalimu wa shule ya msingi wa kipato cha katikati alipata zaidi ya dola 60,000. Bado hajamfikia nesi. Lakini pia halali mchana.

Na gharama ya kupanda si ile mnayoifikiria. Kama uko sekondari, kuna PSEO, ambayo Minnesota imekuwa nayo tangu 1985: unasoma kozi za chuo bure ukiwa bado mwanafunzi wa shule. Tangu vuli ya 2024 kuna North Star Promise, inayofuta karo katika vyuo vya umma kwa familia zenye kipato chini ya dola 80,000. Normandale iko Bloomington, ng'ambo tu ya mto. Na hiki wengi hawakijui: kuna muhuri wa lugha mbili, uliowekwa kwa sheria ya 2014. Ukipimwa Kiswahili ukiwa sekondari na ukafikia kiwango, vyuo vya Minnesota State vinakupa krediti za lugha ukiziomba. Kile Kiswahili ulichokuwa unakionea aibu kinaweza kukupunguzia mihula.

Pana ngazi moja imeoza, na ni lazima niiseme. Kabla ya leseni unafanya angalau wiki 12 za mazoezi ya kufundisha, kutwa nzima, kile wazazi wetu wanachokiita TP. Kwa wengi, wiki hizo hazina mshahara. Mtoto wa familia inayojiweza anazipita kwa raha. Mtoto wa familia inayotuma pesa Kisii au Goma kila mwisho wa mwezi anahesabu na kuacha. Kwa hiyo vyuo na jimbo vikilia kwamba havipati walimu wanaofanana na watoto wa Burnsville, jibu moja liko hapo. Walipeni wanafunzi hizo wiki 12.

Na sisi nyumbani tuna kazi yetu. Mtoto akisema anaenda kusomea unesi, tunafanya harambee: huyu analipa vitabu, yule anatoa gari, mwingine anakaa na watoto wake usiku wa mtihani. Nataka harambee ileile kwa anayesomea ualimu. Wiki 12 bila mshahara si mlima kwa ukoo wenye manesi sita. Ni mlima kwa mtu mmoja anayechekwa kwenye sherehe.

Kwa wewe uliye darasa la kumi na moja au la kumi na mbili, ambaye unaipenda kazi hii kimyakimya: usianze kwa kubishana na mama. Nenda kwa mshauri wako wa shule, uliza maswali mawili tu, PSEO na muhuri wa lugha. Andika majibu kwenye karatasi moja, na hesabu zake. Kisha mwekee mama mezani akiwa amepumzika, si akitoka zamu. Wazazi wetu hawaogopi ualimu. Wanaogopa kuona mtoto akianza kupanda kitu kisicho na juu. Waonyeshe juu ni wapi.

Ukishafanya hivyo tuandikie utuambie alisema nini. Shangazi yangu ameshaniuliza muhuri huo unapatikana vipi. Ati anauliza kwa ajili ya mtu mwingine.