Mgonjwa Asemapo Nguvu Zimemwisha

Siku moja ya mnada, wilayani Serengeti, nilimkuta mzee mfugaji ameketi kivulini, mkononi ameshika kichupa cha vidonge chenye maandishi ya Kichina. Muuzaji alikuwa amemweleza kwamba nishati ya uhai imepungua mwilini mwake, na kwamba dawa ile ingeirejesha. Nilimwamkia, nikamuuliza anaumwa wapi. "Mwanangu," akasema, "siumwi mahali. Nguvu zimeniisha tu." Alikuwa amekwisha kwenda zahanati. Alipimwa malaria, haikuonekana, akaambiwa apumzike.

Ni rahisi kumlaumu muuzaji, nami nitamlaumu baadaye. Lakini yeye angalau aliyasikiliza malalamiko ya mzee na kuyapa jina. Sisi tuliosomea tiba za hospitali tulimwambia hana kitu.

Nishati hiyo Wachina huiita qi, na habari zake zimo katika maandiko yao ya tiba yenye umri wa takriban miaka 2,000. Kwa mujibu wa mafundisho hayo, sehemu moja mtu huirithi kwa wazazi, nyingine huipata katika chakula, nyingine katika hewa aivutayo. Hata herufi ya kale ya neno hilo ina mvuke juu na punje ya mchele chini. Ikipungua, mtu huchoka upesi, sauti hufifia, pumzi hukatika kwa kazi ndogo, jasho humtoka bila sababu, na hamu ya kula hupotea. Tabibu humpa mizizi kama ginseng, humrekebishia mlo, pengine humchoma sindano za akupancha.

Hakuna kipimo cha maabara kilichopata kuiona qi, wala sidai kwamba ipo kama damu ilivyopo. Lakini hebu msomaji azirudie zile dalili. Daktari yeyote atatambua ndani yake upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari, moyo uliochoka. Kwa Serengeti, palipo na mifugo na wanyamapori jirani, ataongeza brusela, ambayo huwafanya ng'ombe kutupa mimba na humwingia binadamu kwa maziwa mabichi au kwa mikono mitupu inapomzalisha ng'ombe. Kwa Tarime atamkumbuka mchimbaji mdogo wa dhahabu, avutaye vumbi la mawe mchana na moshi wa zebaki jioni. Watu hawa wote watasema sentensi ileile ya mzee.

Maoni yangu ni kwamba tuazime kwa tabibu wa Kichina namna yake ya kumchunguza mgonjwa, si maelezo yake ya ugonjwa. Yeye humtazama mtu, husikiliza sauti na pumzi yake, humuuliza usingizi, jasho, choo na chakula, kisha hushika mshipa wa mkononi. Hayo yote hayahitaji umeme wala vitendanishi. Foleni ikiwa ndefu, ndiyo ya kwanza kuachwa katika zahanati zetu. Maswali hayo yakiulizwa, vipimo huelekezwa penye maana: makohozi, wingi wa damu, sukari, brusela.

Wala hatuhitaji kuidharau tiba ya Kichina. Dawa mseto tunayowapa wagonjwa wa malaria ilianzia kwenye mmea uitwao qinghao. Mwanasayansi Tu Youyou alisoma katika kitabu cha karne ya 4 kwamba mmea huo uloweshwe na kukamuliwa, naye akaacha kuuchemsha. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli. Mmea ule ulipata heshima kwa kujaribiwa na kupimwa. Tanzania nayo ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na baraza la kusajili waganga na dawa zao.

Kichupa cha mnadani hakikupitia njia hiyo. Mzizi wa susu, utiwao katika dawa nyingi za Kichina, huweza kupandisha shinikizo la damu ukitumiwa kwa wingi. Katika nchi mbalimbali, baadhi ya dawa za "kuongeza nguvu" zimekutwa na kemikali za hospitali zilizofichwa ndani yake, hatari kwa anayetumia dawa za moyo. Na hasara kubwa kuliko zote ni miezi ipoteayo, hasa kama ni kifua kikuu, ambacho mgonjwa huwaambukiza wajukuu alalao nao.

Nilimuuliza mzee kuhusu jioni zake. Akasema homa humjia na kuondoka, viungo humuuma, usiku shuka hulowa jasho. Maziwa hunywa kama yalivyokamuliwa, na ng'ombe wake mmoja alitupa mimba msimu wa mvua. Nikamwomba aende hospitali akapimwe makohozi na brusela, akichukue na kile kichupa wakakione. Nikamweleza kwamba brusela ikionekana, atatumia dawa mbili pamoja kwa muda wa wiki 6 au zaidi, asikatishe hata akipata nafuu.

Alikitia kichupa mfukoni, akauliza kama yule ng'ombe naye atapimwa. Nilikuwa nimemsahau kabisa ng'ombe. Nikamwelekeza kwa bwana mifugo.