Tusizike Maneno ya Wazee Chini ya Muziki wa Harusi

Miongoni mwa kazi zilizoshamiri katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kazi ya kuhudumia harusi ina mahali pake pa heshima. Kuanzia Nyeri, Karatina na Othaya hadi Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, msafiri hakosi kuona bango la mwenye kukodisha mahema, la mpishi, la mpambaji, la mshereheshaji, la mwenye vipaza sauti na la mpiga picha za video. Sina ugomvi na watu hawa. Wengi wao ni vijana waliojiajiri wenyewe, na katika nchi ambayo shahada imekuwa haina hakika ya kazi, anayejitafutia riziki kwa kamera anastahili pongezi. Hata hivyo, ninalo jambo ambalo ningependa walimu wenzangu na wanafunzi walitafakari, kwa kuwa wao ndio watakaooa, watakaoolewa na watakaoketi katika kamati za harusi. Filamu tunazolipia zinahifadhi mavazi na kupoteza maneno. Nalo neno, katika ndoa zetu, ndilo lililobeba ndoa yenyewe.

Tuchukue mfano wa ngurario, sherehe ambayo kwa desturi ya Wakikuyu hukamilisha ndoa. Wageni hufika langoni na kulikuta limefungwa. Wanawake wa upande wa msichana huimba kwa kuwahoji, na wanawake wa upande wa mvulana huwajibu kwa wimbo. Huo ndio gitiro, ushairi wa kujibizana unaotungwa papo hapo kwa kuwatazama waliokuja. Baadaye wazee husimama na kunena. Msemaji wa wageni hasemi kwamba wamekuja kuomba mke. Atasema kuwa wameona kitu kizuri katika boma hili, naye mwenyeji atajifanya hajui ni kitu gani. Mahari hutajwa kwa majina yake: mwati, yaani kondoo jike ambaye hajazaa, harika, yaani mbuzi jike ambaye hajazaa, ngoima, yaani kondoo dume aliyenoneshwa. Siku hizi huenda kilichomo katika bahasha ni noti tupu, lakini majina ya wanyama hayajatoka katika ulimi wa mzee. Kwa sisi wanaisimu, hiyo ni hazina: msamiati wa ufugaji unaoishi katika hotuba ilhali zizi lenyewe limekwisha kuwa uwanja wa kuegesha magari.

Kisha huja kitendo kidogo kilicho kikubwa kuliko vyote. Binti huulizwa mbele ya watu kama wazee wanywe pombe iliyoletwa, au wasinywe. Akikubali, ameridhia ndoa. Akikataa, hakuna ndoa. Jibu lake ni la maneno machache sana, na aghalabu hulitoa kwa sauti ya chini, kwa haya na kwa heshima.

Sasa tuitazame filamu. Lango limo, kwa sababu vitambaa vilikuwa vya rangi. Kukatwa kwa bega la mbuzi kumo, kwa sababu kisu kinang'aa. Keki imo kwa dakika nyingi. Hotuba za wazee zimekatwa. Midomo yao inaonekana ikicheza huku wimbo wa mapenzi uliotungwa mbali ukivuma juu yao. Nalo jibu la binti halisikiki, ama kwa sababu mpiga picha alikuwa mbali bila kinasa sauti karibu na msemaji, ama kwa sababu jenereta iliwekwa nyuma ya hema, ama kwa sababu droni ilikuwa ikinguruma juu ya vichwa vya watu wakati huo huo. Filamu za namna hii nimezitazama nyingi katika utafiti wangu wa lugha ya sherehe, na mara nyingi nimelazimika kuziweka kando. Ni nzuri kwa macho, lakini kwa sikio hazina faida.

Pengine msomaji atauliza: je, si starehe ya maarusi wenyewe? Wakitaka wimbo, mwalimu wa chuo anaingiliaje? Swali ni la haki, nami nitalijibu kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni ya sheria. Eugene Cotran, aliyekusanya kanuni za ndoa za kimila nchini Kenya katika kitabu kilichotolewa mwaka 1968, aliitaja ngurario kuwa miongoni mwa mambo ya lazima katika ndoa ya Wakikuyu, pamoja na ridhaa ya wahusika na mahari. Mahakama zetu zimekitegemea kitabu hicho mara nyingi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo inawataka waliooana kimila kumjulisha Msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya kutimiza taratibu za mila yao. Wengi hawafanyi hivyo. Matokeo yake ni kesi za urithi ambamo mjane huulizwa: je, ngurario ilifanyika? Nani alisimama? Nani alisema nini? Wazee waliokuwapo huenda wamekwisha kufariki. Filamu yenye sauti inaweza kumsaidia mjane huyo, mradi masharti ya Sheria ya Ushahidi kuhusu kumbukumbu za kielektroniki yatimizwe, pamoja na cheti kinachoeleza jinsi filamu hiyo ilivyotengenezwa. Filamu ambayo maneno yake yamefunikwa kwa wimbo itaonyesha kwamba watu walikula na kucheza. Hilo halibishaniwi na yeyote.

Sababu ya pili ni ya elimu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa kwamba sherehe hizi ni miviga, na kwamba kanda za sauti na za video ni mojawapo ya njia za kuzihifadhi. Huliandika jibu hilo katika mtihani na kupata alama. Lakini njia hiyo ya kuhifadhi ndiyo inayotumika kila Jumamosi nyumbani kwao kufuta kile ambacho angepaswa kukikusanya. Eneo hili lina historia ndefu ya kuhifadhi maneno. Mwaka 1933 padri Cagnolo wa Shirika la Consolata alichapisha Nyeri kitabu kikubwa kuhusu Wakikuyu, kikiwa na picha nyingi; nyuso zile tunaziona hadi leo, lakini ni bubu, kwa kuwa kamera ya wakati ule haikuwa na masikio. Gakaara wa Wanjau, aliyekuwa na kiwanda chake cha uchapaji mjini Karatina hadi kufariki kwake mwaka 2001, alitumia maisha yake kuyaweka maneno ya Kikuyu katika karatasi kwa gharama kubwa, kizuizini na nje ya kizuizi. Leo kijana wa mji huo huo anacho chombo kinachonasa sura na sauti kwa pamoja, na kwa hiari yake mwenyewe anaitupa sauti. Cagnolo hakuwa na njia. Sisi hatuna udhuru.

Sababu ya tatu ni ya manufaa tu. Wimbo wa msanii una mwenyewe. Filamu iliyopambwa kwa wimbo usioombewa idhini inapowekwa katika mtandao wa YouTube, mitambo ya mtandao huo huweza kuutambua na kuizima sauti. Hapo hubaki picha za watu wanaofungua na kufunga midomo. Wimbo umeondoka, na hotuba iliyokuwa chini yake imeondoka pia.

Tufanye nini basi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kamati nyingi za harusi huandika kila kilo ya mchele na kila kreti ya soda, lakini mpiga picha huafikiwa kwa simu na kulipwa kwa kuaminiana. Ningependekeza kwamba mkataba wake uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Uonyeshe ni nani hasa atakayekuja, kwa kuwa si ajabu kuafikiana na fundi hodari kisha siku ya siku akatokea mwanagenzi wake. Uonyeshe saa ya kufika na saa ya kuondoka; sherehe zetu huchelewa, na maneno mazito ya wazee mara nyingi hutoka jioni, mwenye kamera akiwa amekwisha kufunga virago. Uonyeshe malipo kwa awamu, awamu ya mwisho itolewe filamu inapokabidhiwa. Na zaidi ya yote, useme kuhusu sauti: kwamba msemaji atavishwa kipaza sauti kidogo kifuani, na kwamba kinasa sauti kitaunganishwa na mitambo ya mwenye vipaza sauti.

Hilo la mwisho haliwezekani ikiwa wahudumu hawajakutana. Mwenye hema, mwenye jenereta, mshereheshaji na mpiga picha huja kila mmoja kwa wakati wake kama wasafiri wa stendi. Mkutano wa nusu saa siku moja kabla ya harusi ungewezesha jenereta kuwekwa mbali, hema kuelekezwa vyema dhidi ya ukungu na mvua ya milimani, na mshereheshaji kukumbushwa kwamba kazi yake ni kuwapa wazee nafasi ya kusema, wala si kuwafasiria kwa mzaha kabla hawajamaliza. Kuhusu droni, kanuni za mwaka 2020 zinataka zisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na wanaofanyia kazi Nanyuki wanajua kwamba wana jirani ambaye ni kambi ya jeshi la wanahewa. Anayeikodisha aulize karatasi zake, na aamuru itue wakati wa maombi na wa maneno.

Kuna kipengele cha sheria ambacho maarusi wengi hawakijui. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi inayoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pawe na makubaliano mengine. Soma basi unachotia sahihi. Na katika mkataba omba mambo mawili: filamu fupi yenye muziki, kwa ajili ya marafiki, na kumbukumbu nzima isiyokatwa, yenye sauti yake ya asili, kwa ajili ya ukoo. Kwa njia hii kijana mwenye kamera haonewi. Anaonyesha ufundi wake katika ile ya kwanza, na kuuza kazi ya pili juu yake. Naam, itaongeza gharama. Lakini ukoo unaoweza kununua keki ya ngazi tano hauwezi kudai kwamba umekosa pesa za kuhifadhi maneno ya babu.

Nakubali kwamba si kila neno ni la kunaswa. Majadiliano ya mahari hufanyika ndani ya nyumba, mbali na umati, na kuna hesabu ambazo wazee hawataki zitangazwe. Adabu hiyo iheshimiwe. Ndugu zetu wa Pwani wana la kutufunza hapa: katika sherehe za wanawake wa Kiislamu, kwa mfano mjini Mombasa na Lamu, ni jambo la kawaida mpiga picha kuwa mwanamke, na wageni kukatazwa kutumia simu zao, ili mwanamke aliyejipamba kwa ajili ya wenzake asije akaonekana na asiyehusika. Ile ni jamii iliyojiuliza ni nani ataona kabla ya kuuliza picha itakuwa nzuri kiasi gani. Nasi tuulize. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeipa hoja hiyo nguvu, lakini heshima ilitangulia sheria. Yanaswe yale yanayotamkwa hadharani, na yasipelekwe mtandaoni bila ya ruhusa ya wenyewe.

Neno la mwisho nawaelekezea walimu. Katika makabati ya nyumba nyingi za Nyeri, Kirinyaga na Meru mna kanda za zamani za video, zilizorekodiwa katika miaka ya 1980 na 1990 kabla ufundi wa kufunika sauti haujawa rahisi. Zile zina hotuba nzima. Lakini kanda ya sumaku huota ukungu katika baridi yetu yenye unyevu, na mashine za kuichezesha zinaadimika. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha mwezi wa Julai 2016. Mwalimu wa Kiswahili au wa lugha za mama anaweza kuwaagiza wanafunzi wake, kwa idhini ya wazazi, watafute kanda moja nyumbani, ihamishwe katika kompyuta ingali hai, kisha waandike neno kwa neno hotuba moja tu ya mzee mmoja. Waulize maana ya kila jina la mnyama aliyetajwa. Kazi hiyo ya wiki mbili itawafunza miviga kuliko maelezo ya ubaoni, na huenda ikaokoa sauti ambayo haimo mahali pengine popote duniani.

Nao maarusi watarajiwa, watakapoketi na mpiga picha na kuonyeshwa filamu za kupendeza alizozifanya, wamwombe azime muziki na awasikilizishe mzee mmoja akisema. Asipokuwa naye hata mmoja, watafute mwingine.