Kuamua Ugomvi Nusu Nusu

Wako wasemao kwamba vita vya wawili havimhusu wa tatu. Sikubaliani nao. Waitalia walipoingia Uhabeshi Oktoba 1935, Ushirika wa Mataifa wa Geneva uliwawekea vikwazo vya biashara. Lakini petroli haukuizuia, na Mfereji wa Suez uliachwa wazi kwa meli za askari wao. Je, huko ndiko kuamua? Karani gani hufunga daftari, akaliacha kasha la fedha wazi? Addis Ababa ikatwaliwa Mei 1936. Juni, Mfalme Haile Selassie alikwenda Geneva kuwakumbusha ahadi yao. Julai vikwazo vikaondolewa. Basi mwaka 1941 vijana wa Kenya na Tanganyika, askari wa King's African Rifles, walipelekwa kupigana huko huko. Wengine hawakurudi.