Mali Bila Daftari: Funzo la Tiba ya Kichina kwa Wanakiswahili

Mswahili akikutana na mwenziwe humuuliza, "U mzima?" Swali hili ni fupi, ila limebeba falsafa pana. Mzima ni asiye mgonjwa. Mzima ni aliye hai. Na kizima ni kitu kisichopungua sehemu yake yoyote, kama tusemapo mkate mzima au siku nzima. Kwa neno moja, lugha yetu inatangaza kwamba afya ni ukamilifu wa mtu wote. Fikra hiyo ambayo sisi tumeihifadhi katika salamu, Wachina wameijengea elimu ya tiba. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba nguvu kubwa ya elimu hiyo imo katika daftari, na kwamba daftari ni kazi yetu sisi wanalugha.

Hebu kwanza tuitazame tiba yenyewe. Mgonjwa anayeumwa na kichwa akifika kwa tabibu wa jadi wa Kichina, haulizwi habari za kichwa tu. Huulizwa kuhusu usingizi wake, hamu yake ya chakula, choo chake na hata huzuni yake. Ulimi wake hutazamwa rangi na utando, na mapigo ya damu hupimwa kwa vidole vitatu kwenye mikono yote miwili. Kisha huenda akachomwa sindano mguuni ilhali maumivu yako kichwani, maadam nadharia yao inashikilia kwamba nguvu iitwayo qi hupita katika njia zinazounganisha viungo vyote. Sindano hizo ni nyembamba mno na hazina dawa ndani yake. Sehemu rasmi za kuzichomea ni 361. Mitishamba nayo aghalabu huchanganywa kwa utaratibu unaofananishwa na dola: mmea mmoja ni mfalme anayeukabili ugonjwa, wa pili ni waziri anayemwongezea nguvu, wa tatu ni msaidizi anayepunguza ukali, na wa nne ni mjumbe anayeifikisha dawa panapohitajika. Mwanafasihi hawezi kukosa kuiona sitiari hapo.

Je, nadharia hiyo ina ukweli? Hapa sharti tuwe waadilifu. Mwaka wa 2012 ulichapishwa uchanganuzi wa data za wagonjwa karibu 18,000 wenye maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, magoti na kichwa. Waliotibiwa kwa sindano walipata nafuu kuliko wasiotibiwa kwa njia hiyo. Hata hivyo, tofauti kati ya sindano za kweli na za kuigiza ilikuwa ndogo, na hakuna kipimo cha maabara kilichothibitisha kuwepo kwa qi. Kwa hivyo sidai kwamba sindano huponya kila maradhi, wala simshauri mtu yeyote aihame hospitali. Ninachodai ni kwamba kumtazama mgonjwa akiwa mzima kuna manufaa, na kwamba madai ya tiba hii yanaweza kupimwa, kukubaliwa au kukataliwa, kwa sababu yaliandikwa.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wachina waliitunza mali yao. Katika karne ya 16, Li Shizhen alitumia takriban miaka 27 kuandaa kitabu cha dawa chenye vidahizo 1,892, kilichochapishwa mwaka wa 1596 baada ya kifo chake. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Tu Youyou. Mnamo 1969 mwanasayansi huyu aliteuliwa kutafuta dawa ya malaria katika mradi wa siri wa serikali ya China, naye akarejelea vitabu vya kale. Katika maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4 alikuta maelekezo ya kuloweka mmea uitwao qinghao majini, kuukamua na kunywa maji yake. Tu akajiuliza: mbona haukuchemshwa? Akatambua kwamba huenda moto ndio ulioiharibu dawa katika majaribio ya awali. Mwaka wa 1971 akaikamua dawa kwa etha, ambayo huchemka kwa joto la chini, na vimelea vya malaria katika panya vikaangamia. Mwaka wa 1972 artemisinini ikapatikana, na mwaka wa 2015 akawa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Kenya nayo, mnamo 2004, iliamua kwamba dawa mseto yenye artemetha, iliyotokana na artemisinini, iwe ndiyo tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Kitenzi kimoja, kuloweka, kilisubiri kitabuni zaidi ya miaka 1,600 hadi kikapata msomaji makini!

Lugha isipotunzwa, huua. Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliomeza tembe za kupunguza unene zenye mitishamba ya Kichina waliharibikiwa na figo. Ilibainika kwamba mmea uitwao fangji ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana nalo, guangfangji, ambao una sumu. Zaidi ya watu 100 waliathirika. Kufanana kwa majina mawili, jambo tunalolijadili darasani katika semantiki, kulitosha kugeuza dawa kuwa maangamizi.

Ninayasema haya nikiwa mkosaji. Nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu huko Kwale, mzee mmoja aliniimbia wimbo wa tiba uliotaja mti ambao gome lake hutumiwa kutuliza homa ya watoto. Nilinakili takriri, nikahesabu mizani, nikabainisha nafsineni. Kuhusu mti wenyewe sikuuliza, kwa kudhani kwamba huo ni mzigo wa wataalamu wa mimea. Niliporejea miezi minane baadaye, mzee alikuwa ameshazikwa, na wanawe hawakuujua mti ule. Ninao wimbo, sina mti.

Yamkini msomaji atauliza, "Hii si kazi ya wafamasia?" La hasha! Mfamasia hupima kilichomfikia. Anayeketi na wazee, anayeijua lahaja yao na kutambua kwamba jina moja huenda likataja mimea miwili katika vijiji viwili, ni mwanafunzi wa Kiswahili. Napendekeza kila anayekwenda nyanjani aandike jina la mmea kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili, sehemu inayotumika, na kitenzi halisi cha utayarishaji: kuchemsha, kuloweka, kutwanga au kufukiza. Sampuli ipelekwe katika hifadhi ya mimea ya Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, ili itambuliwe. Yote yafanywe kwa idhini ya wazee, kwani sheria ya mwaka wa 2016 inalinda maarifa ya jadi dhidi ya waporaji.

Wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu, salamu ya "U mzima?" tumeirithi. Tukitaka vizazi vijavyo viijibu kwa yakini, tulifungue daftari leo, wazee wangalipo.