REDIO YA NANI HII TUNAYOISIKIA MALABA?



Tumeona yafaa tuandike habari ya redio. Wenzetu wa Nairobi na Mombasa huenda wakatucheka, kwa sababu kwao redio hufunguliwa ikasema, basi. Huku Malaba nayo husema, lakini yasema habari za Kampala na Mbale. Atakaye habari za Kenya huishika redio mkononi, huzunguka nayo nyumba nzima, huiweka dirishani, kisha huondoa mkono polepole kama mama aliyemlaza mtoto. Akipita mtu mlangoni, habari zimekwisha.

Tunaandika sasa kwa sababu ya jambo lililotupata. Tangazo la mkutano juu ya malipo ya ovataimu na zamu za usiku lilitolewa kwa stesheni moja ya Kenya ambayo hatutaitaja jina. Wenzetu wa Nakuru na Eldoret walilisikia. Sisi hatukulisikia, maana jioni ile mahali pa stesheni hiyo katika redio zetu palikuwa pamekaliwa na muziki wa ng'ambo. Siku ya mkutano watu wa mpakani walikuwa wawili tu, nao walifika kwa bahati, wameshuka na treni ya mizigo. Yaliyopitishwa siku ile yanatufunga sisi sote, na sisi ndio tukeshao kupita wengi. Katibu hana kosa: alilipia tangazo na risiti ipo. Lakini mtu aliyepigwa kura mbali nawe juu ya usingizi wako atakuelewa tukisema kuwa redio si mchezo.

Sasa kwa nini huwa hivi? Wengine husema ni siasa, wengine husema redio zetu ni za bei rahisi. Tuwaeleze kwa lugha ya kazi yetu. Kila stesheni ya redio hupewa masafa yake, kama treni inavyopewa njia. Kwa redio za FM njia hizo ziko baina ya megahertzi 87.5 na 108, wala hakuna nyingine za kuongeza. Njia moja yaweza kutumiwa na stesheni nyingi, mradi ziwe mbalimbali, kama vile treni mbili zinavyoweza kuwa katika reli moja zikiwa katika sehemu tofauti. Mawimbi ya FM huenda takriban moja kwa moja kama macho yaonavyo. Mnara wa mita 100 penye tambarare hufika kama kilomita 40, na mnara uliowekwa juu ya mlima hufika mbali zaidi ya hapo. Basi tazameni tulipo. Nairobi iko mbali nasi, na katikati kuna Bonde la Ufa na milima yake. Tororo iko karibu nasi mno, hata mwamba wake twauona tukiwa kazini. Mlima Elgon nao umesimama kaskazini yetu, nusu wa huku nusu wa huko.

Tena FM ina tabia yake. Masafa yakigongana haichanganyi sauti mbili kama ilivyokuwa redio za zamani za masafa ya kati. Yule mwenye nguvu humeza mnyonge kabisa. Ndiyo sababu mtu hutembea na redio yake kutoka landi mpaka kwenye ghala la mizigo, akaanza na taarifa ya habari ya Kenya na kufika na tangazo la sabuni ya Uganda, bila kugusa kitu. Na ziko asubuhi za utulivu ambapo hewa ya baridi hulala chini na ya joto ikakaa juu yake. Hapo mawimbi hupindwa yakafuata ardhi, na stesheni za mbali mno huingia wazi kama ziko Bungoma. Jua likipanda hutoweka. Hilo halina wa kulaumiwa.

Wazee wetu waliostaafu waijua hali nyingine. Wakati wa Sauti ya Kenya, iliyopata jina hilo mwaka 1964, redio kubwa zilikuwa za masafa ya kati, na usiku zilikwenda mbali kwa sababu tabaka la anga linalonyonya mawimbi mchana hutoweka jua likichwa, na mawimbi yakarudishwa chini kutoka juu zaidi. Kwa hiyo usiku mtu wa Malaba alipata Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, pamoja na mluzi wa stesheni mbili zinazogongana. Mluzi huo uliwaudhi, lakini waliyapata ya pande zote. Januari 1971 Idi Amin alipotwaa serikali, waliokuwa mpakani walisikia kutoka Radio Uganda yenyewe. Mwaka 1976 Amin alipodai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ni yake, watu wa huku walitaka kujua usiku uleule kama wafungashe au walale. Na mwaka 1977 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika, mtu wa reli aliyekuwa upande mmoja na jamaa zake upande wa pili alikuwa na haja ya kusikia serikali zote mbili zasemaje. Mpakani kusikia upande mmoja ni hatari, uwe upande wowote.

Ndiyo sababu hatukubaliani na wanaosema redio za Uganda zifukuzwe. Hapa kuna Wateso huku na Wateso kule, ndugu wa damu, na redio ya Kiteso ikisikika pande zote mbili ni mali yao. Madereva wa Uganda ni wenzetu, hula nasi mkate mmoja. Twafaidika kujua bei ya mahindi Mbale na hali ya barabara. Tunalolitaka ni kwamba sauti ya kwetu nayo isikike, hasa mambo ya uchaguzi, mvua kubwa na mafuriko, na mambo ya kazi. Katika mafuriko ya mwaka 2024, fikirini mwenyewe genge la njia lililo kwenye daraja usiku, lenye redio inayoeleza hali ya hewa ya nchi nyingine.

Tena kanuni zipo. Mwaka 1984, mjini Geneva, nchi za Afrika na Ulaya zilipanga masafa ya FM. Katika mpango ule kila mtambo umeandikwa: masafa yake, mahali pake, nguvu yake, urefu wa mnara wake. Nchi itakayo kubadilisha kitu karibu na mpaka hutakiwa kushauriana na jirani kwanza. Sisi twalifahamu hilo upesi, kwa sababu dereva haondoki bila tokeni. Lakini mpango huo ulifanywa kabla ya miaka ya 1990, wakati redio za watu binafsi zilipoanza kuota kama uyoga Kenya na Uganda. Mwenye stesheni akiongeza nguvu usiku ili apate wasikilizaji zaidi, huyo ameondoka bila tokeni, awe Mkenya au Mganda. Na ziko redio zetu za Kenya zinazomfanyia mtu wa Tororo yaleyale tunayoyalalamikia sisi. Haki yake ni sawa na yetu.

Jambo zito kupita muziki ni redio za mkononi tunazotumia kupanga mabehewa. Mtambo mbovu wa FM hautoi masafa yake tu, hutapika na mengine pembeni. Juu tu ya megahertzi 108 yako masafa ya ndege, kwa hiyo si sisi peke yetu tulio hatarini. Sauti ya mgeni ikiingia wakati gadi anamwambia dereva asimame, kitakachovunjika si redio. Twamtaka tajiri apime redio hizo hapa, usiku, injini zikiwa zinanguruma, si mchana katika ofisi. Na zile zenye betri zilizochoka zibadilishwe; hilo halihitaji mkutano wa mataifa.

Kuna watakaosema siku hizi kuna simu, redio ya nini. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilipatana kushusha bei ya kupiga simu kuvuka mpaka, nasi twashukuru. Lakini simu yenyewe hapa hurukia mnara wa ng'ambo bila kumwuliza mwenyewe, na bando uliyoinunua Kenya haifanyi kazi huko. Tena si kila pointimani ana simu ya kusomea ujumbe, na mshahara wa mwisho wa mwezi mwaujua.

Twaomba chama kiiandikie Serikali, wakuu wa masafa wa Kenya na wa Uganda waje wapime kwa pamoja Malaba, Busia na kwingineko mpakani, saa za jioni na za alfajiri. Barua bila ushahidi hutupwa. Kwa hiyo kila mwanachama aliye mpakani aandike katika karatasi: siku, saa, mahali aliposimama, namba iliyoonyeshwa na redio, stesheni aliyoitafuta na stesheni aliyoipata. Aandike pia kama taa au chaja ilikuwa imewashwa karibu, maana chaja mbovu hupiga kelele katika redio, na hatutaki kumshitaki Mganda kwa kosa la chaja. Karatasi zipelekwe kwa mwakilishi wa zamu kabla ya tarehe ya mshahara. Na mpaka hapo, matangazo ya mikutano yaletwe pia kwa mkono wa gadi wa treni ya mizigo. Tutayabandika wenyewe kwenye mlango wa ghala.