Kulala kwa gari si umaskini

Wasee, kuna hii imani mtaani ati kulala kwa gari ni ya watalii, na Mkenya akilala humo basi amefungiwa nyumba na landilodi. Mimi nakataa.

Zile motahomu za Marekani mnazotamani TikTok, zenye choo na friji, achaneni nazo. Noah kuukuu inatosha. Kunja viti vya nyuma, weka godoro, mtungi wa gesi wa kilo 6, jerikeni mbili za maji, umemaliza.

Anza na barabara ya Magadi. Ukishapita Kiserian unashuka bondeni, joto linapanda, sweta inatoka yenyewe. Olorgesailie kuna mahali pa kupiga kambi kwa eneo la Makumbusho ya Taifa, hapo penye shoka za mawe za watu wa kale. Asubuhi unafungua buti, mlima uko mbele yako, chai inachemka.

Kinachouma ni mafuta, kwa hivyo changeni wanne: wawili ndani, wawili kwa hema. Na msilale kando ya barabara ovyo, haswa madem. Ombeni kupaki kwa petroli stesheni ya usiku kucha.

Wazazi husema tutatembea tukistaafu. Pensheni itatoka wapi, na kazi zenyewe ni kontrakti ya miezi 3? Hiyo nchi nataka kuiona magoti yakiwa bado mazima.

Jumamosi nikiamka nanunua nyama Kiserian, halafu nateremka.